Moshi Uliotoka Ardhini: Habari za Nicodemus, Kijiji Kilichopitwa na Reli

Hotuba kwa wazungumzaji wa Kiswahili wa Wichita, Kansas, wiki moja kabla ya safari ya kwenda Nicodemus

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, kaka na dada zangu mliotoka Kigoma, Uvira, Bukavu, Bujumbura, Mombasa na kwingineko, na nyinyi watoto wetu mliozaliwa huku: wakubwa shikamooni, na wengine wote habari za jioni.

Mwenyekiti ameniomba nizungumze kidogo juu ya kijiji tunachokwenda kukitembelea Jumamosi ijayo. Amenipa mimi kazi hii kwa sababu anajua nimezaliwa relini. Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa gengi kwenye stesheni ndogo ya Reli ya Kati, huko porini kati ya Itigi na Tabora. Kwetu kulikuwa na nyumba sita za gengi, tangi la maji, mwembe mmoja, na jengo la stesheni lenye kengele ya kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya. Kila alfajiri baba alitoka na spana ndefu begani na nyundo mkononi, akatembea juu ya mataruma akigonga na kusikiliza. Nati iliyolegea ina sauti yake, alituambia, na mtu wa gengi asiyeijua sauti hiyo arudi kijijini akalime.

Treni ikiingia, watoto tulikimbilia madirishani na chupa za asali na mahindi ya kuchemsha. Kwa dakika tano hivi stesheni yetu ilikuwa mji: kuna watu wa Kigoma, watu wa Dar es Salaam, sabuni, magazeti ya juzi, habari za dunia. Treni ikishaondoka mnasikia tena njiwa kwenye mwembe. Mtu aliyelelewa hivyo anajua, hata bila kusoma kitabu, kwamba reli inaweza kukufanya mtu na inaweza kukufuta.

Ndiyo maana nilipohamia Kansas nikasikia kwamba huko kaskazini-magharibi kuna kijiji cha watu weusi kilichoisubiri reli na reli isije, sikutulia. Nimeshakwenda mara tatu. Wengi wakikisimulia kijiji hiki huwatosha maneno machache: reli ilipita mbali, kijiji kikafa. Kwamba reli ilipita mbali, ni kweli. Hilo la kufa ndilo ninalotaka tulibishie jioni hii.

Tuanze mwaka 1877. Vita vya kaskazini na kusini mwa Marekani vilikuwa vimekwisha miaka 12 nyuma, utumwa umefutwa kisheria, na kwa muda jeshi la serikali kuu lilikuwa limekaa kusini kulinda haki za watu waliokuwa watumwa. Mwaka huo wa 1877 jeshi likaondolewa. Mabwana wa zamani wakarudi madarakani, na mtu mweusi wa Kentucky au Tennessee akaona wazi kwamba uhuru aliopewa utabaki kwenye karatasi. Atalima shamba la mtu yuleyule, kwa deni lisilokwisha, na akipiga kura atapigwa.

Kansas ilikuwa na jina zuri masikioni mwao. Ndiko John Brown alikopigana na watetezi wa utumwa kabla ya vita. Tena kulikuwa na ile sheria ya ardhi ya 1862: mtu akipewa ekari 160 za serikali, akaishi hapo na kulima kwa miaka mitano, zinakuwa zake. Ekari 160! Mtu ambaye mwenyewe aliwahi kuandikwa kama mali kwenye daftari la mtu mwingine!

Katika masika ya 1877 watu saba waliunda kampuni ya kuanzisha mji. Sita walikuwa weusi, akiwamo mchungaji W. H. Smith aliyekuwa rais wake, na mmoja mzungu, W. R. Hill, dalali wa ardhi kutoka Indiana. Wakachagua mahali kando ya Mto Solomon katika Kaunti ya Graham, wakapapa jina la Nicodemus. Wapo wanaolitoa jina hilo kwenye Injili ya Yohana, kwa yule Nikodemo aliyemwendea Yesu usiku akaambiwa habari za kuzaliwa mara ya pili. Wengine husema lilikuwa jina la mtumwa wa hadithi za kale, aliyeletwa kwa meli kutoka Afrika na baadaye akajinunulia uhuru wake. Yote mawili yanawafaa watu wale.

Tarehe 2 Julai 1877 kampuni ikatoa tangazo kwa watu weusi wa Marekani nzima. Kiwanja dola 5. Udongo mzuri, maji, mawe ya kujengea. Hill na Smith wakazunguka makanisani huko Kentucky wakihubiri habari za nchi hiyo. Septemba hiyohiyo kundi la watu kama 300 kutoka upande wa Lexington likapanda treni hadi Ellis, stesheni ya karibu kuliko zote. Kutoka Ellis hadi Nicodemus ni zaidi ya maili 30, karibu kilomita 50. Hakukuwa na barabara. Walitembea, mizigo kichwani na kwenye mikokoteni, watoto mgongoni.

Angalieni basi jambo hili: hata kabla kijiji hakijasimama, umbali wake na reli ulishakuwa shida yake ya kwanza.

Katika masika ya 1878 likaja kundi jingine kutoka Georgetown, Kentucky, pamoja na mchungaji Daniel Hickman na mkewe Willianna. Pale Ellis surua iliwashika, wakazika watoto. Kisha wakaanza safari, na mama huyu alikuwa mgonjwa. Miaka mingi baadaye alisimulia walivyofika, na maneno yake yakahifadhiwa. Wanaume walio mbele wakapaza sauti: Nicodemus ile pale! Yeye akainuka, akatazama kwa macho yake yote, asione kitu. Akauliza iko wapi, mbona haioni. Mumewe akamnyooshea kidole penye moshi uliokuwa ukitoka ardhini, moshi hapa na moshi pale, akamwambia, ile ndiyo Nicodemus. Watu walikuwa wakiishi ndani ya ardhi. Mama Hickman akaanza kulia.

Kwenye uwanda ule wa nyasi hakuna miti ya kujengea isipokuwa michache ya kando ya mto. Kwa hiyo walichimba kwenye miinuko, wakaezeka kwa matawi, nyasi na udongo, wakatoboa bomba la moshi juu. Mnaoijua Dodoma fikirieni tembe la Wagogo lililozama mpaka paa likawa sawa na uwanja. Ukipita juu yake na ng'ombe, unapita juu ya kitanda cha mtu. Hakukuwa na kuni pia, wakawa wanachoma mabua ya alizeti na mavi makavu ya nyati.

Familia nyingi ziligeuza zikarudi. Siwalaumu. Inasimuliwa kwamba Hill alilazimika kujificha kwa hasira za watu aliowaambia habari za mji. Waliobaki walikuwa wachache wa vifaa kupita kiasi: majembe ya mkono, sururu, wanyama wa kukokotea wa kuhesabu. Ardhi yenyewe haijawahi kupasuliwa tangu dunia iumbwe, mizizi ya nyasi imesukana kama mkeka. Baridi ya kwanza ingewamaliza. Wazee wa kijiji wamepokezana habari kwamba Wahindi Wekundu wa kabila la Osage, wakirudi kutoka kuwinda, waliwagawia nyama. Nami nataka watoto wetu walishike hilo, kwamba watu ambao wenyewe walikuwa wamesukumwa kutoka nchi yao ndio waliowalisha wageni.

Wiki chache tu baada ya kundi la Septemba kufika, mama mmoja aitwaye Emma Williams, aliyetembea kutoka Ellis akiwa na mimba, alijifungua mtoto wa kiume, Henry, mtoto wa kwanza wa Nicodemus. Alizaliwa ndani ya shimo. Na Jenny Fletcher, binti wa yule mchungaji Smith, akaanza kufundisha watoto humohumo mashimoni. Mumewe Zachary akawa mkuu wa posta wa kwanza. Watu hawana mlango wa mbao lakini wana mwalimu na posta! Nilipolisoma hili nilifunga kitabu nikakaa kimya.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mwaka 1880 kijiji na mashamba yanayokizunguka vilikuwa na watu weusi 258 na wazungu 58. Nyumba zikatoka ardhini. Upo mwamba laini wa chokaa katika nchi ile, unapasuliwa kama mkate, wakajengea hoteli, kanisa na maduka. Kufikia 1887 palikuwa na benki, hoteli, maduka ya bidhaa, duka la dawa, timu ya besiboli na magazeti mawili, Western Cyclone na Nicodemus Enterprise. Kijana Edward McCabe, aliyefika 1878, aliwekwa kuwa karani wa kaunti, na mwaka 1882 wapigakura wa Kansas nzima wakamchagua kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo. Hakuna mtu mweusi aliyewahi kushika cheo cha jimbo zima hapa Kansas kabla yake. Alitoka kwenye kijiji cha mashimo.

Sasa tufike kwenye reli yenyewe. Hapa naomba mnivumilie, ndipo ninapopajua.

Mkulima wa ngano anayeishi mbali na reli analima mara mbili: kwanza analima shamba, halafu analima barabara. Mavuno yakitoka lazima yapakiwe kwenye mkokoteni, farasi wavute siku nzima kwenda na siku nzima kurudi, na bei ya gunia inaliwa njiani. Makaa, mbao, misumari, chumvi, vyote vinakuja kwa mkokoteni huohuo na kwa bei ya mkokoteni. Kwa hiyo katika nchi ile ya mbugani kila kijiji kilijua kwamba siku reli ikipita kwake kitakuwa mji, na ikipita kwa jirani kitakuwa shamba.

Makampuni ya reli nayo yalijua kwamba vijiji vinajua. Mchezo ukawa huu. Kampuni inatuma wapimaji na vigingi vyao, watu wanafurahi. Kisha kampuni inasema: tutapita kwenu, ila mtuchangie. Kata inapiga kura kukopa, inatoa hatifungani, yaani watoto wenu watalipa deni kwa kodi ya miaka mingi ijayo ili kampuni tajiri ipate fedha ya kutandaza mataruma. Kijiji cha jirani nacho kinaambiwa hivyohivyo. Anayetoa zaidi anasubiri.

Mwaka 1887 wapimaji wa Missouri Pacific walifika Nicodemus. Kampuni ya Santa Fe nayo ikatajwa. Magazeti yakaandika kwa shangwe, bei ya viwanja ikapanda. Kata ikapiga kura ya kutoa hatifungani za dola 16,000 kwa Missouri Pacific. Dola 16,000, jamani, kutoka kwa watu ambao miaka kumi kabla walikuwa wakichoma mabua ya alizeti. Nawaona wakipanga foleni kupiga kura ile: wanaume waliozaliwa watumwa, wanaamua kwa karatasi yao wenyewe kukopa kwa ajili ya mji wao. Tusiwaone wajinga. Walifanya hesabu, na hesabu yao ilikuwa sahihi. Aliyekosa uaminifu ni mwingine.

Makubaliano hayakukamilika. Missouri Pacific iliishia Stockton, mji ulio mashariki, maili zisizofika 20 kutoka hapo. Santa Fe haikuja. Mwaka 1888 Union Pacific ikajenga njia yake, lakini ng'ambo ya Mto Solomon, upande wa kusini. Kambi yake ikawa stesheni, stesheni ikawa mji unaoitwa Bogue. Kutoka Nicodemus ni maili chache tu kusini-magharibi. Ukiwa Nicodemus siku tulivu, nadhani honi ya treni iliwafikia.

Nimefikiri sana juu ya honi hiyo. Sisi kule kwetu treni ikichelewa tulikuwa tunailaumu, lakini ilikuwa yetu, ilikuja. Hawa waliisikia ikisimama kwa wenzao.

Wenye maduka wakaanza kuhama. Katika nchi ile ya nyumba za mbao, mtu akihama si lazima aiache nyumba. Inanyanyuliwa kwenye msingi, inawekwa juu ya magogo au magurudumu, farasi wanafungwa, inaburutwa nzimanzima kuvuka mbuga. Wafanyabiashara wa Nicodemus walihamishia maduka yao Bogue. Gazeti la Cyclone likawasihi watu wasikimbie. Halikuvuka mwaka huo, toleo la mwisho lilitoka Septemba 1888. McCabe mwenyewe, mtoto mkubwa wa kijiji, mwaka uliofuata alikuwa ameshakwenda Oklahoma, ambako alianzisha mji mwingine wa watu weusi, Langston.

Hapo ndipo wasimuliaji wengi huweka nukta. Mimi nawauliza: waliohama ni nani? Ni wenye maduka. Mwenye shamba hawezi kuweka ekari 160 juu ya magogo akazivuta kuvuka mto. Wakulima wakabaki. Wakawa wanapeleka ngano yao kwenye stesheni ya Bogue, wanarudi nyumbani jioni, na nyumbani ni Nicodemus. Makanisa yakabaki. Mwaka 1907 walijenga kanisa la mawe la Baptisti, yaani miaka 19 baada ya kijiji "kufa". Mwaka 1918 wakajenga shule mpya. Mwaka 1939, kwa mpango wa serikali wa kuwapa watu kazi wakati wa dhiki, wakajenga ukumbi wa kata kwa mawe ya chokaa, na ukumbi huo ndio tutakaoingia Jumamosi. Jengo gani hilo linalojengwa na maiti?

Kilichowapunguza kweli, kwa maoni yangu, kilikuja baadaye, na hakikuwaonea wao peke yao. Miaka ya 1930 mvua ilikatika na upepo ukabeba udongo wa mashamba ukawa giza mchana. Bei ya ngano ilikuwa imeanguka. Mwaka 1935 kijijini walibaki watu 76. Kisha vikaja vita, viwanda vya mijini vikaita vijana, trekta likafanya kazi ya familia nne. Mwaka 1950 walikuwa 16. Mwaka 1953 posta ikafungwa, ile posta ya Zachary Fletcher. Vijiji vya wazungu vyenye reli mlangoni vilinyauka vilevile katika miaka hiyohiyo. Bogue yenyewe, iliyoshinda, leo haifiki watu 200. Kwa hiyo tukisema reli ndiyo iliyoua, tujibu kwanza mbona haikuwaokoa waliokuwa nayo.

Sensa ya 2020 ilihesabu Nicodemus watu 14.

Sasa nataka kuwaeleza nilichokiona mara ya kwanza nilipokwenda, mwisho wa Julai. Nilitoka hapa alfajiri, nikapita Hays, nikapanda kaskazini hadi Stockton, nikashika barabara kuu namba 24 kuelekea magharibi. Ngano ilikuwa imeshavunwa, mabua mafupi ya manjano pande zote mpaka macho yanachoka. Nilikuwa natafuta kijiji cha watu 14. Nilipofika sikupata pa kuegesha gari.

Magari yalikuwa na namba za Colorado, California, Nebraska, Missouri. Mahema yamesimamishwa. Chini ya kivuli mzee wa miaka themanini na ushei amekaa kwenye kiti cha kukunja, kila anayepita anasimama, anavua kofia, anajitambulisha: mimi ni mjukuu wa fulani, mtoto wa fulani. Mzee anamshika mkono, anafumba macho, anatafuta. Halafu anasema, "Basi bibi yako ndiye aliyekuwa na ile farasi nyeupe." Na yule mtu, baba mzima mwenye mvi, anacheka huku machozi yanamtoka. Nilisimama pale kama robo saa nikitazama watu wakipewa bibi zao.

Sherehe hiyo ni ya ukombozi. Walianza kuifanya 1878, mwaka mmoja baada ya kufika, wakiwa bado wanaishi mashimoni. Zamani ilikuwa tarehe 1 Agosti, kwa kukumbuka siku watumwa wa visiwa vya Karibi chini ya Waingereza walipotangaziwa uhuru mwaka 1834. Siku hizi ni wikiendi ya mwisho wa Julai. Walipokuwa wengi walicheza besiboli na kula nyama kichakani kando ya mto. Walipobaki 16 waliendelea, kwa sababu waliotawanyika walirudi. Hakuna treni iliyowahi kuwaleta. Wamekuja kwa mikokoteni, kwa mabasi, kwa magari yao, vizazi sita saba sasa.

Kurudi huko ndiko kulikofanya kazi nyingine zote. Mwaka 1976 serikali ilikitambua kijiji kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Haikutosha, majengo yalikuwa yanabomoka. Mwanamke mmoja mzaliwa wa ukoo wa pale, Angela Bates, alianzisha chama cha historia ya Nicodemus, akakusanya picha, barua na kauli za wazee, akagonga milango ya wanasiasa miaka kadhaa. Novemba 1996 Nicodemus ikawa sehemu ya hifadhi za taifa, chini ya idara ileile inayotunza mbuga kubwa mnazoziona kwenye televisheni. Majengo matano ndiyo yanayotajwa: ukumbi wa kata, kanisa la Baptisti, kanisa la Methodisti la A.M.E., hoteli ya St. Francis na shule. Katika miji yote ambayo watu weusi waliianzisha magharibi katika miaka ile iliyofuata vita, huu ndio uliobaki.

Na mashamba bado yapo. Yamepungua sana, mikopo na benki vimewatoa wengi, hilo lingehitaji jioni yake. Lakini wapo wajukuu wanaolima ekari za babu zao. Veryl Switzer, aliyezaliwa pale akacheza kandanda ya Kimarekani katika timu ya Green Bay Packers tangu 1954, aliishika ardhi ya familia mpaka uzeeni. Wakulima wa upande ule walijaribu hata kupanda teff, nafaka ya Ethiopia, kwa kuwa inavumilia ukame. Nilipoambiwa habari za teff nilicheka kwa furaha, nikasema kumbe Afrika Mashariki imeshatangulia kufika.

Ndugu zangu, wengi humu ndani mna kijiji ambacho hamwezi kukirudia kesho. Wengine kimechomwa. Wengine kina watu wengine wanaolala kwenye nyumba zenu. Dada yetu mmoja kutoka Kivu Kusini aliniambia mwaka jana kwamba ameacha kulitaja jina la kijiji chake kwa watoto, kwa kuwa haoni faida, hakipo. Sikumjibu siku ile. Ningependa aje Jumamosi. Sitamwambia lolote, nitampeleka tu pale kivulini alipo mzee.

Mimi stesheni yetu nilirudi mwaka mmoja kabla ya baba kufariki. Nyumba nne za gengi hazina paa. Mwembe upo. Baba alichukua fimbo yake, akatembea kidogo juu ya mataruma, akagonga reli mara moja kwa ncha ya fimbo, akatega sikio. Akasema, "Hii imekazwa." Sijui kwa nini hilo lilinifariji, lakini lilinifariji.

Sasa ya safari. Tutaondoka uwanja wa kanisa hili Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, basi na magari mawili madogo. Mwendo ni kama saa nne, tutapumzika Hays. Saa nne asubuhi kuna maandamano ya sherehe, tusiyakose, kwa hiyo atakayechelewa atatukuta huko. Akina mama wa chapati nimeongea nao. Kijijini hakuna duka, kila mtu abebe maji yake na kofia, jua la mbugani halina mwembe. Watoto waje na daftari. Nimeshaomba, na wenyeji wamekubali, kwamba mchana tutapewa nafasi ukumbini kusimama na kujitambulisha kwa desturi yao: jina lako, mama yako, bibi yako, na kijiji chako. Kitamkeni kwa sauti, kama kinavyotamkwa nyumbani.